Kusimamia na Kupima Uhawilishaji wa Utafiti Wenye Hataza Katika Vyuo Vikuu: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekabidhiwa ofisi ya uhawilishaji wa teknolojia chuoni (yaani kuhamishia uvumbuzi kwa watakaoutumia nje), au mkuu wa utafiti anayetaka kujua ofisi hiyo inapaswa kufanya nini hasa. Utawafaa pia watafiti wenyewe, kwa kuwa makosa mengi yanayoua uvumbuzi hutokea maabara na kwenye kumbi za mikutano, kabla ofisi haijasikia lolote.

Hataza ni hati ya kuzuia. Inampa mwenye nayo haki ya kuwakataza wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze uvumbuzi uliotajwa humo kwa muda maalumu, lakini haina uwezo wa kumfikishia mgonjwa dawa wala mkulima mashine. Kabla ya mwaka 1980 serikali ya Marekani ilikuwa ikishikilia hataza zipatazo 28,000, na chini ya asilimia 5 ya hizo ndizo zilizokuwa zimetolewa leseni kwa kampuni zinazotengeneza bidhaa. Sheria ya Bayh-Dole ya mwaka huo iliviruhusu vyuo vikuu kumiliki uvumbuzi uliogharamiwa na fedha za umma, kwa sharti kwamba vitafute watumiaji na kuwagawia wavumbuzi sehemu ya mapato, na nchi nyingi zimefuata njia hiyo baadaye. Nakumbusha habari hii kwa sababu chuo kinachohesabu hataza zake bila kuuliza ni nani anayezitumia kinarudi kwenye kabati lile lile lenye hati zisizosomwa. Usimamizi na upimaji ni kazi moja: kile kitakachopimwa mwisho wa mwaka ndicho watu watakachokifanya mwaka mzima.

Hatua ya kwanza: amua umiliki kwa maandishi kabla utafiti haujaanza

Soma kwanza sheria ya nchi yako, kwa kuwa majibu hutofautiana. Ujerumani iliwaachia maprofesa umiliki wa uvumbuzi wao hadi mwaka 2002, ndipo haki hiyo ikahamia kwa vyuo. Italia ilifanya mabadiliko kama hayo mwaka 2023. Uswidi ingali inamwachia mwalimu wa chuo kikuu umiliki wa alichokivumbua. Baada ya sheria ya nchi ndipo inakuja sera ya chuo, na baada ya sera inakuja karatasi ambayo kila mtafiti anaitia sahihi. Karatasi hiyo ndiyo inayopuuzwa zaidi, nayo ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote.

Kesi ya Chuo Kikuu cha Stanford dhidi ya kampuni ya Roche, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2011, inaonyesha hatari hiyo kwa karibu. Mtafiti mmoja alipojiunga na chuo mwaka 1988 alitia sahihi hati iliyosema kwamba *anakubali kuhawilisha* haki za uvumbuzi wake kwa chuo. Baadaye alikwenda kujifunza mbinu ya kupima chembe za kirusi katika damu kwenye maabara ya kampuni ya Cetus, na huko akatia sahihi karatasi ya wageni iliyosema kwamba *anahawilisha hapa hapa* haki zake kwa kampuni. Sentensi ya kwanza ilikuwa ahadi ya siku zijazo. Ya pili ilihamisha haki papo hapo. Roche ilikuwa imekwisha kununua biashara ile ya Cetus, na chuo kikashindwa kuizuia Roche, ambayo nayo ilikuwa mmiliki. Mahakama ilieleza pia kwamba sheria ya Bayh-Dole haikihamishii chuo umiliki kwa nguvu yake yenyewe.

Kwa hiyo fungua faili la mikataba ya watumishi na usome kitenzi kilichotumika. Kama kinasema “atahawilisha” au “anakubali kuhawilisha”, mwombe mwanasheria aandike sentensi inayohamisha haki siku ya sahihi, kisha wote waitie sahihi upya. Usiwasahau wanafunzi, ambao katika mifumo mingi si waajiriwa na hivyo mkataba wa ajira hauwagusi, wala watafiti wageni, wala wale wanaokwenda kwa muda katika maabara za kampuni. Mtafiti asitie sahihi karatasi ya mlangoni kwa watu wengine kabla ofisi haijaisoma.

Hatua ya pili: pokea taarifa ya uvumbuzi, na uulize tarehe kabla ya yote

Andaa fomu fupi ya taarifa ya uvumbuzi. Fomu ndefu huwafukuza watafiti, na uvumbuzi usioletwa ofisini hauwezi kusimamiwa. Kurasa mbili au tatu zinatosha kueleza tatizo lililokuwapo, suluhisho lililopatikana, waliochangia wazo lenyewe (tofauti na waliosaidia kazi za mikono au waliotoa fedha), wafadhili na masharti yao, vifaa au sampuli zilizotoka nje pamoja na mikataba yake, na hali ya matokeo yaliyopo.

Swali la kwanza kwenye fomu liwe hili: je, jambo hili limekwisha kusemwa, kuchapishwa au kuonyeshwa hadharani, na kama bado, litasemwa lini? Upya ndio msingi wa hataza. Katika nchi nyingi, makala, bango la mkutano, muhtasari uliotangulia mkutano, au tasnifu iliyowekwa maktabani huondoa upya huo moja kwa moja, hata kama aliyetangaza ni mvumbuzi mwenyewe. Marekani humpa mvumbuzi miezi 12 ya hisani baada ya kutangaza. Ofisi za Ulaya hazitoi hisani hiyo katika hali ya kawaida.

Gharama ya tarehe inaonekana vizuri katika visa viwili vya wakati mmoja. Mwaka 1975 César Milstein na Georges Köhler, wakiwa Cambridge, walichapisha njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja, njia ambayo baadaye ilibeba sehemu kubwa ya tiba na vipimo vya kisasa, nayo haikuwahi kuwekewa hataza. Stanley Cohen na Herbert Boyer walichapisha mbinu yao ya kuunganisha vinasaba mwezi Novemba 1973. Ombi la hataza likawasilishwa tarehe 4 Novemba 1974, siku chache kabla mwaka wa hisani wa Marekani haujaisha. Waliokoa haki ndani ya Marekani, lakini nje ya nchi hiyo walikuwa wamekwisha kuzipoteza.

Usitumie mambo haya kumzuia mtafiti asichapishe. Kuchapisha ni haki yake na ni wajibu wa chuo. Kinachotakiwa ni kwamba ombi litangulie makala, na kwa kawaida wiki chache zinatosha iwapo taarifa imeletwa mapema. Tasnifu iliyokaribia kutetewa ipewe kipaumbele kuliko kitu kingine chochote mezani.

Hatua ya tatu: tathmini haraka, na ukikataa, rudisha

Kila taarifa ipimwe kwa maswali matatu. Je, inaweza kupata hataza yenye madai (maelezo ya kile hasa kinacholindwa) mapana ya kutosha, ukilinganisha na yale yaliyokwisha kujulikana? Je, yupo mtu mwenye shida ambayo uvumbuzi huu unaitatua vizuri kuliko anavyoitatua sasa? Na mtu akiutumia bila ruhusa, je, utajua? Swali la tatu husahaulika, ingawa mbinu inayofanyika ndani ya kiwanda kilichofungwa, bila kuacha alama kwenye bidhaa, ni vigumu sana kuilinda kwa hataza.

Majibu ya swali la pili hayapatikani kwa kusoma ripoti za masoko. Yanapatikana kwa kuwapigia simu wahandisi na wasimamizi watano au sita wa kampuni zinazohusika, na kuwaeleza tatizo bila kufichua suluhisho. Mvumbuzi mwenyewe ndiye chanzo bora cha majina hayo, kwa sababu amekutana nao mikutanoni na anajua nani amemwandikia kuuliza. Ofisi inayomweka mvumbuzi pembeni ikidai kwamba biashara si kazi yake inajinyima mlango ulio wazi.

Weka muda wa kutoa uamuzi, tuseme siku 60 tangu fomu ilipopokewa, na uuheshimu. Ukiona kwamba chuo hakitaendelea, mrudishie mvumbuzi haki zake kwa maandishi, endapo sheria na mfadhili wanaruhusu. Uvumbuzi unaolala ofisini miaka mitatu bila jibu ni dhuluma kwa aliyeuleta, nami siamini kwamba kuna jambo linalovunja imani ya watafiti haraka kuliko hilo.

Hatua ya nne: wasilisha ombi na ufuate kalenda

Hapa sheria za kimataifa zimekwisha kukupangia ratiba. Siku ombi la kwanza linapowasilishwa, saa inaanza kuhesabu. Una miezi 12 ya kuwasilisha maombi katika nchi nyingine ukidai tarehe ile ile ya kwanza. Ombi hutangazwa hadharani katika mwezi wa 18. Ukipitia Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza (PCT), unaokuwezesha kuanza kwa ombi moja la kimataifa, kwa kawaida una hadi mwezi wa 30 kuchagua nchi utakazoingia. Hataza ikitolewa hudumu miaka 20 tangu kuwasilishwa, ikiwa ada za kuitunza zinalipwa.

Kila mojawapo ya tarehe hizo ni lango la uamuzi. Mwezi wa 12 uliza kama kuna matokeo mapya ya maabara yanayoimarisha madai. Mwezi wa 30 uliza kama kuna mshirika aliye tayari kubeba gharama, kwa sababu kuanzia hapo mawakili, tafsiri na ada za kila nchi huzidisha matumizi mara nyingi. Bila mshirika na bila dalili ya kumpata, jibu la kawaida liwe kuacha, na uamuzi huo uandikwe pamoja na sababu yake, kwa maana sababu hizo zitakuwa na thamani kubwa utakapofika kwenye upimaji.

Hatua ya tano: chagua njia ya kuutoa nje

Njia ni tatu: leseni kwa wengi, leseni ya kipekee kwa mmoja, au kampuni mpya.

Mbinu ya msingi inayoweza kutumiwa na sekta nzima inafaa kutolewa kwa wengi kwa bei ndogo. Hivyo ndivyo Stanford ilivyofanya na hataza za Cohen na Boyer: kampuni 468 zilipewa leseni, na mapato yote ya hataza hizo, zilizokwisha muda wake mwaka 1997, yalifikia takriban dola milioni 255. Bei ilikuwa ndogo kiasi kwamba hakuna aliyeona faida ya kwenda mahakamani kuipinga.

Dawa inayohitaji miaka ya majaribio kwa wagonjwa ni jambo jingine, kwa sababu hakuna kampuni itakayotumia fedha nyingi kiasi hicho huku jirani yake akisubiri kuinakili. Hapo leseni ya kipekee inastahili, lakini iwe na mipaka minne. Itaje matumizi mahususi, ili kampuni ya dawa za binadamu isishike pia matumizi ya mifugo ambayo haikusudii kuyagusa. Iweke hatua za lazima zenye tarehe, na haki ya chuo kuivunja iwapo hazikufikiwa. Ihifadhi haki ya chuo na taasisi nyingine kuendelea na utafiti. Na iseme mapema jinsi watu wa nchi maskini watakavyoipata bidhaa hiyo.

Mpaka huo wa nne una historia yake. Chuo Kikuu cha Yale kilikuwa na hataza ya matumizi ya dawa ya stavudine dhidi ya UKIMWI, na kilikuwa kimeipa kampuni ya dawa ya Bristol-Myers Squibb leseni ya kipekee bila kifungu kama hicho. Mwaka 2001, baada ya madaktari, wanafunzi na mmoja wa wavumbuzi kupaza sauti, kampuni ilitangaza kwamba haitaitumia hataza hiyo kuzuia dawa za bei nafuu Afrika Kusini. Lilikuwa jambo la heri, lakini lilitegemea shinikizo la umma, ilhali lingeweza kuwa sentensi moja ya mkataba iliyoandikwa miaka mingi kabla.

Kampuni mpya inafaa pale ambapo hakuna kampuni iliyopo yenye uwezo au nia, na pale ambapo yupo mtu atakayeiongoza kwa muda wake wote. Usidai hisa nyingi. Mapitio huru yaliyofanyika Uingereza mwaka 2023 yalipendekeza chuo kichukue kati ya asilimia 10 na 25 kwa kampuni za sayansi ya uhai, na asilimia 10 au pungufu kwa za programu, kwa kuwa hisa nyingi za chuo huwafukuza wawekezaji wa baadaye.

Hatua ya sita: gawa mapato kwa kanuni inayojulikana kabla fedha haijaja

Stanford kwa muda mrefu imetumia kanuni rahisi: asilimia 15 hutolewa kwa ajili ya ofisi, gharama za moja kwa moja za hataza hulipwa, na kinachobaki hugawanywa mafungu matatu sawa kwa wavumbuzi, idara na kitivo. Ikiwa mrabaha (malipo ya mwenye leseni kwa kuutumia uvumbuzi) ni 100,000 na gharama za hataza ni 25,000, ofisi inachukua 15,000, gharama zinatolewa, na 60,000 iliyobaki inatoa 20,000 kwa kila fungu. Afrika Kusini iliweka kiwango cha chini katika sheria yake ya mwaka 2008: wavumbuzi wapate angalau asilimia 20 ya randi milioni ya kwanza, kisha angalau asilimia 30 ya mapato halisi (baada ya kutoa gharama) yanayozidi hapo. Angalia kwamba fungu la kwanza linahesabiwa kabla ya kutoa gharama. Mpangilio wa makato unaweza kumwacha mvumbuzi bila kitu kwa miaka mingi, kwa hiyo usiufiche katika maandishi madogo.

Hatua ya saba: pima, na uanze kwa kukataa jumla moja

Shirika la wasimamizi wa teknolojia wa vyuo, AUTM, limekuwa likikusanya takwimu za kila mwaka tangu 1991: fedha za utafiti, taarifa za uvumbuzi, maombi ya hataza, leseni, mapato na kampuni mpya. Orodha hiyo ni mwanzo mzuri, lakini viashiria hivyo si vya aina moja. Taarifa na maombi ya hataza huonyesha shughuli. Leseni huonyesha kwamba mtu wa nje amekubali. Bidhaa inayotumika ndiyo matokeo. Kuvijumlisha katika alama moja ni kuficha habari. Uingereza, katika mfumo wake wa kupima ubadilishanaji wa maarifa uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2021, huvilinganisha vyuo ndani ya makundi yanayofanana, ili chuo kidogo cha sanaa kisipimwe kwa kibaba cha chuo chenye hospitali.

Mapato ndiyo kipimo kinachopendwa zaidi na kinachodanganya zaidi. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Emory kiliuza haki za mrabaha wa dawa ya emtricitabine kwa dola milioni 525, na mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Northwestern kiliuza sehemu ya mrabaha wa dawa ya pregabalin kwa dola milioni 700. Mapato ya mwaka kama huo hayaelezi lolote kuhusu ubora wa ofisi mwaka huo, kwa sababu yanatoka kwenye kazi ya maabara ya miaka mingi nyuma. Kwa hiyo toa hesabu mbili kila mwaka: mapato yote, na mapato baada ya kuondoa leseni moja kubwa kuliko zote. Hesabu ya pili ndiyo itakayokuonyesha kama ofisi inaishi au inabebwa na bidhaa moja.

Kosa la pili ni kulinganisha leseni za mwaka huu na taarifa za mwaka huu huu, ilhali leseni ya leo imezaliwa na taarifa ya miaka minne au mitano iliyopita. Fuata kundi. Chukua, kwa mfano wa kubuni, taarifa 40 zilizopokewa katika mwaka mmoja, na uziandikie historia hadi mwaka wa nane: 22 zilirudishwa kwa wavumbuzi, 18 ziliombewa hataza, 9 zilipita mwezi wa 30, 5 zilipata leseni, 2 zina bidhaa inayotumika. Jedwali hilo linaonyesha mahali zinapokwama. Kama nyingi hufa mwezi wa 30, tatizo liko kwenye kutafuta washirika. Kama leseni 5 hazizai bidhaa, rudi ukasome masharti ya hatua za lazima.

Ongeza vipimo vya muda, ambavyo ni nafuu kuvikusanya na vigumu kuvipamba: siku kutoka taarifa hadi uamuzi, na siku kutoka mazungumzo ya kwanza hadi sahihi. Katika vyote viwili tumia thamani inayoangukia katikati unapozipanga kwa mfuatano, kwa sababu mkataba mmoja uliovutana miaka mitatu utaharibu wastani wote.

Usimpandishe mtu cheo wala kumpa zawadi kwa idadi ya hataza. Mwezi Februari 2020 mamlaka za China, nchi iliyokuwa imeshuhudia maombi ya hataza ya vyuo yakiongezeka kwa kasi kubwa, ziliviagiza vyuo viache kutoa zawadi kwa ajili ya maombi, vipunguze na kuondoa hatua kwa hatua zawadi za hataza zilizotolewa, na vifanye tathmini kabla ya kuwasilisha ombi. Hilo lilikuwa kukiri kwamba watu walikuwa wamejibu kipimo walichopewa.

Mikataba ya utafiti, ushauri wa kitaalamu na wahitimu wanaoajiriwa na kampuni hubeba maarifa mengi kuliko hataza katika vyuo vingi. Vipewe ukurasa wao, bila kuchanganywa na hesabu za leseni.

Hatua ya nane: fuatilia leseni baada ya sahihi

Mkataba uliotiwa sahihi huanza kazi mpya. Dai ripoti ya maendeleo kila mwaka, na ripoti ya mauzo kila robo mwaka bidhaa ikishaingia sokoni. Weka haki ya kukagua vitabu vya hesabu, na uitumie angalau kwa leseni kubwa, kwa kuwa tofauti kati ya mrabaha uliolipwa na uliostahili mara nyingi hutokana na tafsiri ya maneno “mauzo halisi” bila nia mbaya ya mtu yeyote. Leseni ambayo mwenye nayo hajatuma ripoti kwa miaka miwili iulizwe kwa barua, na asipojibu ivunjwe, ili uvumbuzi utafutiwe mtu mwingine muda wa hataza ukiwa bado upo.

Ripoti ya mwaka kwa baraza la chuo iwe na ukurasa mmoja wa mbele usio na grafu. Uandike juu yake jina la kila bidhaa au mbinu iliyotoka chuoni na inayotumika leo, anayeitengeneza, wanaoitumia, na mwaka taarifa yake ya kwanza ilipopokewa. Idadi ya hataza iwekwe kwenye viambatisho.